Taja Mtaa Wako

Mume wangu Adelino ana gereji, na mwaka ule alikuwa hasemezeki. Akiletewa gari jipya anachomeka kifaa chake, gari linamnyima majibu, na mwenye gari analazimika kulipeleka kwa wakala wa kampuni akakamuliwe vizuri. Basi jimbo letu la Massachusetts, huku Marekani, lilipotuuliza kwa kura kama kampuni zilazimishwe kuwafungulia wenye magari na mafundi wa mitaani taarifa zote za gari, Adelino alikita bango kubwa la NDIYO katikati ya maua yangu. Nilimporomoshea maneno, lakini bango nikaliacha. Gereji ndiyo inayotulisha.

Mtu aliyempinga akatoka humo humo ndani, dada yake, wifi yangu Lucília.

Ilikuwa Jumapili, supu ya sukumawiki na soseji iko mezani, Adelino anahubiri. Lucília akaweka kijiko chini.

"Kaka, mimi napiga Hapana."

"Unasema?"

"Umenisikia. Kila linalojulikana na gari litoke, liingie kwenye simu za watu. Gari langu linajua ninapolala."

"Ee Mungu! Umeangalia lile tangazo la mwanamke anayeviziwa kwenye maegesho, sivyo? Limelipiwa na hao hao wenye viwanda, Lucília! Wanakutisha ili mimi nife njaa!"

"Najua nani kalilipia. Lakini wao wameigiza tu. Mimi nilikuwepo."

Kweli alikuwepo. Alipomkimbia mumewe mara ya kwanza, huyo Darrell, fundi kama Adelino na rafiki wa nusu ya mafundi wa kaunti, gari lake lilikuwa limeungwa na simu ya Darrell. Lucília alitoka dukani na mifuko mikononi, akamkuta kaegemea mlango wa gari, anatabasamu. Mkono wa kushoto wa Lucília mpaka leo haunyooki sawasawa.

"Darrell hakungoja sheria ili akupate," Adelino akasema.

"Hakungoja. Sasa na wewe unataka umwongezee mlango?"

"Hakuna aliyesema watu kama yeye wataruhusiwa!"

"Yeye huwa anaomba ruhusa?"

Adelino akasukuma sahani, akatoka. Mimi nilibaki katikati kama mjinga. Kusema kweli sikujua nani ana haki. Hata wataalamu kwenye televisheni walikuwa wanarushiana maneno. Nilichojua ni kwamba wifi yangu alikuwa amehamia chumba kimoja mjini kwetu, gari anaegesha mtaa mwingine kabisa, na anayejua anwani yake ni mimi na kaka yake tu.

Siku ya kura nikamsindikiza. Ukumbi ulikuwa ule wa klabu yetu ya Wareno, mama wa parokia wanauza maandazi ya malasada mlangoni. Adelino alikuwa kaliacha bango lake la mkononi nje ya mstari wa polisi, maana ndani kampeni ni marufuku, yuko kwenye foleni nyuma yetu. Tangu Jumapili yeye na dada yake hawajasemezana. Kati yetu na yeye alisimama Wendell, binamu yake Darrell, kofia mkononi, masikio wazi.

Kwetu huulizwi kitambulisho. Unafika mezani, unataja mtaa, nambari ya nyumba na jina, karani anavirudia kwa sauti, basi, unapewa karatasi. Tumefanya hivyo maisha yetu yote, na ndiyo maana hakuna aliyelifikiria, si mimi, si Lucília. Nililikumbuka tulipokuwa tumeshafika mbele ya karani, Bi Hattie, ambaye sikio moja limekufa na la pili linaumwa.

"Mtaa?" akauliza Bi Hattie.

Lucília akageuka, akamwona Wendell.

"Mtaa, mwanangu! Sema kwa nguvu!"

"Wifi, twende zetu," akaninong'oneza. "Basi tu. Twende."

Nilikasirika mpaka machozi yakanijia. Mwanamke amejificha mwaka mzima, leo ana neno lake moja la kusema, na hilo nalo alimeze! Nikamshika mkono asiondoke, ingawa sikujua la kufanya. Nikamtazama Adelino.

Adelino alimtazama dada yake, akamtazama Wendell, akaelewa. Mume wangu ana sauti ya kushinda kompresa.

"WENDELL! EWE WENDELL! LILE GARI LAKO BADO LINAVUJA OILI?"

Akamkumbatia yule mtu kwa nguvu, mdomo sikioni. "NILIKWAMBIAJE? NILIKWAMBIA GASKETI! UKAENDA KWA NANI? SEMA!"

"Niache, Adelino, una wazimu?"

"MIMI WAZIMU? NA MANIFOLDI JE? UMEITAZAMA MANIFOLDI?"

Ukumbi mzima ukageuka. Lucília akainama mpaka kwenye lile sikio la Bi Hattie lililo hai. Bi Hattie akarudia anwani kwa sauti yake yote, kama kawaida, na sikuisikia hata mimi niliyekuwa pembeni yake. Lucília akachukua karatasi, akaenda kwenye kibanda. Polisi akamshika Adelino bega.

"Toka nje upoe, bwana. Ukipoa utarudi kupiga."

Tulimkuta nje, uso mwekundu. Wendell naye akatoka nyuma yetu, anasugua sikio.

"Lucília," akasema kwa upole mno, "siku hizi unakaa wapi? Darrell anakuulizia sana."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi nimpashe, Adelino akanitangulia.

"Anakaa kwangu. Ile nyumba yenye bango. Mwambie Darrell asihangaike na magari, aje kwangu agonge mlango. Atanikuta."

Wendell akamtazama, akavaa kofia, akaenda zake.

"Kaka, kwa nini umesema hivyo?" Lucília akauliza. "Sasa atakuja kwako."

"Aje." Akajifuta jasho. "Umepiga nini?"

"Hapana."

"Kichwa kigumu," akasema Adelino. Akambusu paji la uso, akarudi ndani kupiga Ndiyo yake.

Mchana ule alifunga gereji mapema, akabadilisha kitasa cha mlango wetu. Alipomaliza akatoa kiti nje, akakaa na kahawa yake, anatazama barabara. Nami nikatoa cha kwangu.