Ajenda ya Tisa

Ajenda ya tisa haikuwahi kufikiwa. Si kwamba kuna mtu aliyeichukia. Kamati ya Ujenzi na Usafi ilikutana mara moja kwa mwezi, saa nne asubuhi kwa maandishi na saa tano kwa vitendo. Ilianza kwa sala, ukafuata wimbo wa taifa, ikafuata hotuba ya mwenyekiti, kisha ubishi mrefu juu ya muhtasari wa kikao kilichopita. Ilipotimu saa saba, harufu ya ndizi za matooke na mchuzi wa karanga ilipanda ngazi kutoka chini, na madiwani wakaanza kufunga mafaili yao. Baada ya chakula hakuna aliyerudi. Kila mmoja alikuwa na maziko ya kuhudhuria, na Kampala diwani asiyeonekana mazikoni asitegemee kura. Mambo yaliyobaki yaliahirishwa hadi mwezi uliofuata. Mwezi uliofuata mambo mapya yaliandikwa juu yake, nayo ya zamani yakabaki chini pale pale.

Sundus, karani wa kamati, ndiye aliyekuwa akiichapa orodha hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, sauti ndogo, na mazoea ya kuomba radhi hata alipokanyagwa yeye. Kwa miezi mitatu alikuwa ameandika mstari uleule wa mwisho: *9. Ombi la kivuko, bonde la nyuma ya maduka, Kansanga.* Na kila alipouandika, aliwaona watu wawili.

Walikuja ofisini mwezi wa Desemba, mke na mume, Wakongo kutoka upande wa Bukavu. Mke, Perpétue, alishika barua kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chungu cha maji ya moto. Mume, Elie, alikuwa fundi viatu. Mguu wake wa kulia uliishia juu ya goti, akitembea kwa magongo mawili aliyoyaviringishia mpira wa gurudumu chini. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya mfereji mkubwa, na kibanda chake kilikuwa upande huu, karibu na barabara ya Ggaba. Katikati palikuwa na nguzo kuukuu ya umeme iliyolazwa juu ya maji. Hapakuwa na njia nyingine ila kuzunguka mwendo wa saa nzima kupanda kilima, na kwa magongo hiyo saa moja ni tatu.

"Unavukaje, baba?" Sundus alimuuliza.

"Na matako," Elie alijibu bila haya. "Nakaa juu ya nguzo kama mtu wa punda, nasukuma, nasukuma. Suruali tatu zimekwisha mwaka huu. Ukiona miye nimesimama mbele yako, jua nyuma iko hewa tu."

"Elie!" mkewe alimkemea. "Huyu ni binti wa watu."

"Si aandike? Aandike na suruali kwenye barua."

Sundus alicheka mpaka akaziba mdomo. Kisha Elie akatazama chini ya meza na kusema viatu vya Sundus vinalia njaa, soli imefunguka mdomo. Alivipokea palepale, akavishona kwa uzi aliokuwa nao mfukoni, huku Sundus akiwa miguu mitupu na kuiandika upya barua yao kwa Kiingereza ili ipokelewe. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ulikuwepo. Kila kitu kilikuwepo.

"Kabla ya mvua kubwa," Perpétue alisema wakiaga. "Nguzo ikilowa, inakuwa samaki. Kabla ya mvua, mama. Utatusaidia?"

"Nitajitahidi, mama."

Injinia Oloya, mtu mrefu wa kaskazini aliyesimamia ghala la barabara, hakuwa na tatizo. Alimchukua Sundus akamwonyesha mabamba manne ya zege yaliyobaki kwenye kazi nyingine, yamelala uani, nyasi zimeanza kuyapanda. "Yapo. Lori lipo. Vijana wangu wapo, wanacheza karata," alisema. "Nipe karatasi moja tu, kwamba kamati imekubali. Bila azimio, nikisogeza hata bamba moja mimi ni mwizi. Ukinipa leo, keshokutwa mzee wako anapita kwa magongo yake kama bwana harusi."

Januari ajenda ya tisa haikufikiwa. Februari haikufikiwa. Machi, mawingu yakaanza kukaa juu ya kilima cha Lubaga kila alasiri, na Perpétue akaja mara mbili kusimama mlangoni bila kuketi. Mara ya pili hakuuliza kitu. Alimtazama Sundus tu, Sundus akasema, "Bado, mama," naye akasema, "Aksanti," akaondoka. Ile aksanti ilimsumbua Sundus kuliko ambavyo tusi lingemsumbua.

Kikao cha Aprili kilipangwa siku ya Jumanne. Kanuni za baraza zinataka orodha ya ajenda ibandikwe ubaoni siku saba kabla ya kikao, ili mwananchi yeyote aione na ajiandae. Sundus aliibandika Jumatatu ya wiki iliyotangulia, kama kawaida, kivuko kikiwa cha tisa. Kisha Ijumaa ikanyesha. Haikunyesha sana, lakini mifereji ya mjini ikawa na rangi ya chai ya maziwa, na Sundus, akiwa peke yake ofisini watu wakiwa msikitini na mahali pengine, akawaza: tisa ni namba tu. Nani anaisoma orodha ile? Akafungua kompyuta, akakitoa kivuko chini, akakiweka nafasi ya tatu. Akachapa, akashuka, akaibandua karatasi ya zamani, akabandika mpya. Alirudi juu akiruka ngazi mbili mbili. Alihisi furaha kama ya mtoto aliyefanya jambo jema kwa siri.

Jumanne madiwani walikuja kumi na mmoja, akidi ikatimia. Mwenyekiti Akwero, mwalimu mstaafu aliyependa mambo yaende sawa, aliongoza sala mwenyewe. Muhtasari ulipitishwa bila vita. Saa tano na nusu akavaa miwani, akasoma, "Ajenda ya tatu. Ombi la kivuko."

Oloya, aliyekuwa ameketi kando kama mtaalamu, alimkonyeza Sundus. Kalamu ya karani ilikuwa tayari.

"Mwenyekiti," alisema Diwani Nasur, "ajenda ya tatu ni yangu."

Nasur alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiye na ubaya na mtu, ila hakuvumilia kupitwa. Ombi lake lilikuwa kituo cha bodaboda, na vijana wake wa bodaboda walikuwa wamejaa kwenye benchi la wageni kusikiliza.

"Kwenye karatasi yangu ni kivuko," alisema mwenyekiti.

"Na kwenye simu yangu ni bodaboda." Nasur aliinua simu. "Nilipiga picha ubaoni wiki iliyopita, niwaonyeshe vijana. Nani kanishusha? Banange, jamani, hata kwenye foleni ya choo mtu haulizwi?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliomba simu, akaiweka kando ya karatasi, akalinganisha mstari kwa mstari kama anayesahihisha mtihani.

"Karani, hii mpya ilibandikwa lini?"

"Ijumaa, mheshimiwa." Sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Ijumaa."

"Nani aliagiza?"

Sundus alitazama kalamu yake. "Ilikuwa... ni hitilafu ya ofisi."

"Siku nne," alisema mwenyekiti. "Kanuni inasema saba. Tukijadili jambo lililosogezwa ndani ya siku saba, mtu yeyote anaweza kukibatilisha kikao kizima, na bodaboda, na taka, na kila kitu. Mnataka hivyo?"

"Mimi sikipingi kivuko," alisema Nasur haraka. "Naomba mwongozo tu."

"Mwongozo ni kwamba jambo hilo linafutwa kwenye orodha ya leo. Litaombwa upya."

"Lirudishwe tisa basi," Oloya alisema, ingawa hakuruhusiwa kusema.

"Injinia, likishafutwa halina namba. Mwezi wa tano."

Siku hiyo, kwa sababu muhtasari haukuwa na ubishi na bodaboda ilipita haraka, kamati ilimaliza ajenda ya nane, ambayo sasa ndiyo ya mwisho, saa sita na dakika arobaini. Ilibaki nafasi. Madiwani wakatazamana, wakashangaa wamemaliza kazi kabla ya chakula, wakapongezana. Sundus aliandika hilo pia, saa na dakika, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Mvua kubwa ilikuja siku kumi na tatu baadaye, alfajiri. Saa moja na nusu asubuhi maji yalikuwa yameifunika nguzo kiasi cha kidole. Elie alikuwa na jozi sita za viatu vya wanafunzi alizoahidi zingekuwa tayari siku hiyo shule zikifunguliwa. Alizifunga kwenye mfuko, akauvaa shingoni, akarusha magongo yake ng'ambo ya pili kama alivyozoea, akaketi juu ya nguzo. Waliokuwa wakisubiri kuvuka walisema alifika katikati. Walisema alikuwa akiwaambia jambo la kuchekesha.

Walimpata mchana, mbali kidogo, palipo na vyuma vya kuzuia taka. Mfuko wa viatu ulikuwa bado shingoni.

Oloya ndiye aliyemletea Sundus habari. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Yule mzee wako..." akageuka. Akaenda uani, na Sundus akamsikia akiwafokea vijana wake waache karata, ingawa hakuwa na kazi ya kuwapa.

Madiwani wote kumi na watano walihudhuria maziko, hata wale ambao hawakuonekana kikaoni mwaka mzima. Nasur alilia machozi ya kweli. Aliwaambia waombolezaji kwamba baraza halitalala. Sundus alisimama nyuma kabisa, mtandio ukimfunika nusu ya uso, na hakwenda kutoa mkono.

Kikao cha Mei kilikuwa na akidi kabla ya saa nne. Safari hii Sundus alibandika orodha siku kumi mapema na hakuigusa. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeelekeza kivuko kiwe cha kwanza baada ya muhtasari. Perpétue alikuja peke yake, gauni jeusi, akaketi kwenye benchi la wageni, mikono juu ya mapaja. Kikao kiliendeshwa kwa Kiingereza, na pale hasira au mzaha ulipozidi, kwa Kiganda. Perpétue hakujua lugha yoyote kati ya hizo vya kutosha. Alitazama midomo.

"Muhtasari, ukurasa wa pili," alisema Nasur. "Imeandikwa 'Diwani Nasur alipinga.' Mimi sikupinga. Niliomba mwongozo. Na kwa hali ilivyo sasa, mheshimiwa, naomba jina langu liondolewe kabisa mahali hapo."

"Kuna anayepinga?" Hakuna. "Karani, andika: jambo lilifutwa kutokana na hitilafu ya ofisi. Basi."

Sundus aliandika. Herufi zilitoka nzuri. Kisha wakasimama dakika moja kwa ajili ya marehemu, na Perpétue, akiona watu wote wamesimama, naye akasimama bila kujua kwa nini. Kisha kivuko kikapita. Kilichukua dakika nne. Oloya aliondoka na karatasi yake kabla wino haujakauka.

Mapumziko yalipoanza Perpétue alimfuata Sundus kwenye korido, chini ya ule ubao wa matangazo.

"Walisema nini, mama? Miye nilisikia jina ya Elie tu."

"Wamekubali. Mabamba yanawekwa Jumatatu."

"Na mbele ya hapo, tukiwa bado hatujasimama? Yule mnene alikasirika juu ya nini?"

Hapo ndipo Sundus angeweza kusema *mambo ya ofisi*, na ingekuwa kweli. Karatasi yenyewe ilisema hivyo, na itaendelea kusema hivyo kwenye kabati miaka yote. Hakuna mtu katika jengo lile ambaye angemwambia mama huyu kinyume chake.

"Mwezi uliopita," Sundus alisema, "ombi lenu lilikuwa la mwisho. Mimi nililitoa mwisho nikaliweka mbele, na sikupaswa. Siku za kubadilisha orodha zilikuwa zimepita. Ndiyo maana walilifuta." Akatazama ubaoni. "Na siku ile, mama, walifika mwisho. Kama ningeliacha pale lilipokuwa, wangelifikia."

Perpétue alitazama faili kwapani mwa Sundus. Madiwani wawili walipita na sahani zao, wakamwambia Perpétue pole sana, bambi, masikini, wakaendelea. Aliwaacha wapite.

"Onyesha," alisema.

Sundus alifungua faili, akamwonyesha mstari wa kivuko kwenye orodha ya Aprili. Perpétue aliweka kidole juu yake, kidole chenye ukucha mweusi wa makaa, akakitembeza pole pole mpaka mwisho wa maneno asiyoweza kuyasoma, akarudi tena mwanzo.

"Nani alikutuma ufanye hivi?"

"Hakuna."

"Juu ya nini basi?"

"Nilikuonea huruma," Sundus alisema. Machozi yalikuwa yameanza, naye aliyaonea aibu, kwa sababu mwenye haki ya kulia alikuwa ana macho makavu. "Nisamehe, mama."

Perpétue aliondoa kidole. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayemtafuta mwingine ndani ya umati.

"Siwezi leo," alisema. "Labda siku ingine. Leo siwezi."

Alitengeneza kitambaa chake kichwani, akashuka ngazi akishika ukuta. Kutoka ndani ya ukumbi mwenyekiti alimwita karani; sahani zilikuwa zimeondolewa na, jambo la ajabu, akidi ilikuwa bado ipo. Sundus alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaingia, akaketi mahali pake.

"Ajenda inayofuata," alisema mwenyekiti.