Jembe la Siku ya Tatu

Tyubu ya nyuma ilitoboka saa kumi jioni, kilomita nane baada ya Laela. Rhoda aliipindua baiskeli kando ya barabara, magurudumu juu, akaanza kutafuta kiraka. Alikuwa nesi wa Njombe aliye likizoni, na likizo hiyo alikuwa ameamua kuimalizia juu ya baiskeli, kutoka Tunduma hadi Kirando, akalione ziwa. Wenzake kazini walimwambia ana wazimu. Alikuwa ameshaambiwa mabaya zaidi na wagonjwa.

Kabla hajamaliza kuitoa tyubu, mwanamke wa makamo alitoka shambani, akaingia ndani kwake na kurudi na beseni la maji bila kuombwa. Wakaizungusha tyubu majini pamoja mpaka mapovu yakatoka.

"Shikamoo mama. Asante sana."

"Marahaba. Mimi ni Otilia. Leo huendi popote mwanangu, hicho kiraka kinataka kulala."

Rhoda alijua kiraka kinataka dakika kumi tu. Lakini miguu yake ilikuwa imechoka, na nyumba ile ilinukia maharage. Shamba lililoizunguka lilijaa vilima vya udongo vya mviringo, mamia kwa mamia, kila kimoja kikifika magotini. Akavua helmeti.

"Poleni na msiba mama. Makaburi yote haya!"

Otilia alicheka mpaka akashika kiuno. Akamweleza kwamba hayo ni matuta, kilimo cha Wafipa tangu mababu: nyasi zinafukiwa mwisho wa masika zioze, Novemba udongo unatawanywa na kupandwa ulezi.

"Kaburi ni lile moja tu," akasema, akionyesha tuta la katikati, ambalo maharage yake yalistawi kuliko ya mengine yote. "Bundala yule. Jioni atakuja, utamwona."

Alikuja jua likizama, mwanamume mrefu mwenye shuka begani na katambuga miguuni, amebeba kibuyu cha maziwa. Valerian, mume wa Otilia, alimsogezea kigoda bila kuondoa macho kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. Rhoda alikuwa ameshaona maiti wengi kazini, ila hakuna aliyewahi kumletea maziwa. Alikunywa. Yalikuwa mazuri, baridi kidogo.

"Unapita Kaoze?" Bundala aliuliza.

"Hapana kaka. Naenda Kirando."

"Ukipita, kaka yangu Masunga yuko kule. Mwambie aje anichukue. Hapa natunzwa, silalamiki. Ila nataka kulala kwetu."

Akashukuru kwa kigoda, akarudi kwenye tuta lake.

Valerian ndiye aliyeeleza. Mwaka juzi, mwezi wa nne, ng'ombe wa Bundala waliingia kwenye maharage. Watu wakaja na fimbo. Walimpiga wengi, kwa hiyo hakuna aliyempiga. Polisi walikuja, wakapewa chakula, wakaondoka.

"Na nyinyi mlikuwepo?" Rhoda aliuliza.

"Shamba ni letu," Otilia alijibu, akimwongezea maharage.

Rhoda alitaka kukasirika, akashindwa kujua aanzie wapi. Alikula akamaliza. Usiku alifunikwa blanketi mbili, moja akajua kabisa imetoka kitandani kwa wenyewe.

Asubuhi Valerian alikuwa ameshapaka mnyororo mafuta. Majirani walikuja mmoja mmoja: huyu mayai, yule karanga, mwingine kisado cha maharage. Otilia akamfungia jike la kuku kwenye keria. Kila mmoja alimtakia safari njema, na kila mmoja akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba Kirando ni kuzuri na Kaoze hakuna cha kuona. Baiskeli ikawa nzito. Rhoda hakujua kama amependwa au amefungwa mdomo, na alihofu kwamba ni yote mawili.

Sumbawanga alisimama njia panda muda mrefu, kuku akilia nyuma yake. Kisha akashika ya Kaoze. Aliteremka ukingo wa bonde la Rukwa breki zikinuka mpira ulioungua, na kesho yake jioni akamkuta Masunga anakamua ng'ombe. Akamwambia yote.

Masunga hakuacha kukamua.

"Wewe ni wa nne," alisema. "Wote wa baiskeli. Huyo kuku ni wa Otilia?"

"Ndiyo. Kwa nini hamjaenda kumchukua?"

"Tulienda, dada yangu. Mimi na mke wake. Tulipokelewa, tukachinjiwa, tukapewa vitanda vyao, wao wakalala chini. Bundala mwenyewe alikuja tukanywa maziwa. Si unajua, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Tukakaa tukiingoja siku ya tatu, tupewe jembe tumfukue. Siku ya tatu wakaua mbuzi." Alifuta mikono. "Mtu aliyekulalisha kitandani kwake, utamwombaje jembe la kufukulia aliyemuua?"

Mjane wa Bundala alimchukua kuku kwenye keria, akampima uzito mkononi, akaenda kumchinja. Rhoda alikuwa na njaa. Alikula, akaona aibu, akaongezewa.

Kirando alifika, ziwa akaliona, likizo ikaisha.

Novemba, siku mvua ilipoanza, Otilia alimpigia simu. Matuta yote wameshayatawanya, alisema, ulezi unaingia ardhini. Lile moja wameliacha, wamelilimia pembeni taratibu, wasimwamshe.

"Anakusalimu. Anauliza kama ulifikisha."

"Nilifikisha mama."

"Haya, nitamwambia," Otilia alisema, kwa upole uleule. Kisha akauliza kama kile kiraka bado kinashika upepo.