Mkono wa Kushoto wa Georgine

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, saa nne na dakika arobaini asubuhi, pikapu yangu ya mwaka 1978 iliacha lami ya Barabara ya Tisa, maili mbili kusini mwa kanisa la Kilutheri, ikaingia mtaro uliojaa maji ya theluji. Ndani alikuwemo mke wangu Georgine na barua za watu. Barua zote ziliopolewa, zikaanikwa, na kufikia Ijumaa kila mtu alikuwa na yake. Georgine hakurudi.

Wiki tatu baadaye ofisi ya barabara ya kaunti ikatoa karatasi. Mimi shule niliiachia darasa la nane, lakini mstari ule niliusoma bila kusaidiwa: chanzo cha ajali, gari lisilotunzwa. Barabara haikutajwa. Yaani mwenye kosa ni marehemu na mumewe, wengine wote kalaleni. Curtis Wehling, msimamizi wa barabara, aliweka sahihi yake chini kwa wino wa bluu, akaenda kula chakula cha mchana. Najua alikwenda kula, nilikuwa nimesimama pale kaunta.

Georgine alipeleka barua za mashambani kwa miaka ishirini na sita. Huku magari hupita kulia na usukani uko kushoto. Mpeleka barua hutumia gari lake, na masanduku yako upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo haketi nyuma ya usukani. Anakaa upande wa abiria. Mguu wa kushoto anaunyoosha mpaka kwenye mafuta na breki, mkono wa kushoto unashika usukani, na wa kulia unatia barua sandukuni. Mgeni akipishana naye anadhani gari linajiendesha. Ndiyo maana hatukuiacha ile pikapu. Kiti chake ni kimoja kirefu, katikati hakuna kitu, gia ziko kwenye shingo ya usukani. Magari ya sasa yametengenezwa kwa ajili ya vikombe vya kahawa.

Majira yale ya baridi pikapu ilianza kutangatanga. Ukiiweka sawa inakwenda kulia kidogo, ukiirudisha inakwenda kushoto, na kutwa nzima uko kazini kuirudisha kama ndama asiyetaka zizi. Kwa mikono miwili unazoea. Georgine alikuwa na mmoja. Jioni aliuweka mezani ameufunga taulo la moto, akasema, "Lum, hili gari lako linataka kuhamia kwa jirani." Nikamwahidi nitaliangalia.

Na barabara nayo. Ukingo wa lami pale kusini mwa kanisa ulikuwa umemegeka, na udongo wa pembeni ulikuwa umechukuliwa na mvua, tena pale pale mbele ya sanduku la barua, ambapo ni lazima usogee. Tairi likitoka linashuka inchi tano kamili. Georgine aliwaandikia ofisi ya barabara kadi, mara tatu: Oktoba, Desemba na Februari. Karakana yao iko kwenye njia yake, sanduku namba hamsini na moja, kwa hiyo kadi aliziandika mwenyewe, akazibandikia stempu na kuzigonga muhuri mwenyewe, kisha akazitia sandukuni kwa mkono wake.

Siku ile pale kaunta nilimsubiri Wehling arudi kutoka kula. Akanipa pole kwa sauti ile laini ya watu wenye ofisi, akasema yeye naye inamuuma, ila gari la miaka arobaini ni gari la miaka arobaini. Nikamwambia nitalitengeneza mpaka linyooke, halafu ataliendesha yeye mwenyewe, mahali pale pale. Akasema sawa, vile unavyomwambia mlevi sawa. Lakini nyuma yangu kulikuwa na watu wawili kwenye foleni, na wote wawili walisikia.

Mwezi Mei tuliivuta pikapu mpaka kwa fundi, Delmar Ostdiek. Delmar ana miaka sabini na moja, goti bovu, na mdomo mbovu kuliko goti. Madigadi ya kulia ilikuwa imejikunja na mlango haufungi, lakini fremu ilikuwa imenyooka. Aliizunguka mara mbili, akaniambia, "Mmefanana wewe na gari lako, Lum. Mbele kumelegea, nyuma kelele tupu."

Usukani unaotangatanga haukisiwi. Mmoja anakaa juu, anautikisa kidogo kidogo kushoto na kulia, mwingine analala chini na tochi anatazama ni chuma gani kinachelewa kumfuata mwenzake. Nilikaa juu. Nilikaa upande wa abiria, kwa mkono wa kushoto, sijui kwa nini. Delmar chini akawa anataja kimoja kimoja: viungo vya ncha za usukani vimeisha, bushi za mpira zimekuwa uji. Halafu akasema amempata mchawi. Upande wa kulia kuna mkono mfupi wa chuma unaoshikilia ufito wa usukani, ule unaounganisha magurudumu ya mbele, na ule mkono ulikuwa unapanda na kushuka kama jino la mtoto.

"Huyu ndiye aliyekuwa analitembeza gari," akasema. Mimi nikafurahi, nikaona tumemaliza.

Akasogea upande wa pili, kwenye boksi la usukani, lenye meno yanayogeuza ule ufito. Akaisogeza tochi karibu.

"Lum. Nani kaigusa hii skrubu?"

Juu ya boksi kuna skrubu na nati yake. Hakuna mkulima wa kaunti hii asiyeijua. Usukani ukilegea, mtu hatazami chini ya gari, haonani na fundi, anafungua boneti na kukaza ile skrubu. Baba yangu alifanya hivyo, na babu alifanya hivyo kwenye lori la mahindi. Unakaza, ulegevu unaisha hapo hapo, unarudi ndani kunywa kahawa na kujiona bwana.

Nikamwambia ni mimi. Akauliza lini. Nikamwambia Jumapili.

"Jumapili ipi?"

"Ile."

"Kiasi gani?"

"Nusu mzunguko. Nusu na kidogo."

Alitoka chini taratibu kwa ajili ya goti. Akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, akaniambia niupeleke usukani kulia, kisha niurudishe kwa kidole kimoja. Ulikataa. Usukani mzima unarudi katikati wenyewe gari likiwa linatembea, akasema, huu umebanwa, meno yanang'ang'aniana ndani, kila ukikata ni lazima uurudishe kwa nguvu. Ugonjwa ulikuwa kwenye ule mkono mfupi, mimi nikalikaba boksi koo. Mwanamume mwenye mikono miwili asingejua tofauti, akasema, ila kwa mkono mmoja, kutoka kiti cha pili... Akaenda kunawa mikono, na kazi bado haijaisha.

Niliendelea kukaa kwenye kile kiti. Alivyorudi alisema bila kunitazama, "Nikiilegeza sasa hivi hakuna atakayejua. Mimi sijaona kitu."

Nilimwelewa. Ni rafiki. Lakini nilifikiria ile karatasi ya kaunti, ilivyokuwa safi, ilivyomwacha nje kila mwenye mshahara. Nikificha langu, nitakuwa nimeweka sahihi yangu pembeni ya ya Wehling. Nikamwambia ailegeze kwa sababu inatakiwa kulegezwa, na aandike kwenye daftari lake ilikuwa imekazwa kiasi gani na nani aliikaza.

"Watakumaliza," akasema.

"Wana nini cha kunimalizia?"

Kazi ilituchukua wiki mbili. Tuliweka mkono mpya na viungo vipya. Tukalitenga boksi na ufito, tukaipima skrubu upya mpaka usukani ukazunguka kwa kidole kimoja toka mwisho hadi mwisho. Delmar akayalaza magurudumu ya mbele nyuma kidogo, yafuate njia yenyewe kama yale ya toroli la dukani. Tairi pana nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya sura akazitupa nje, akisema mzee wa umri wangu hana wa kumwonyesha. Tulipoitoa barabarani niliachia usukani nusu maili nzima. Gari halikwenda kokote ila mbele. Nilitamani sana kuwe na mtu pale kwenye kile kiti kingine wa kunicheka.

Baraza la kaunti hukutana Jumatatu asubuhi, na mwananchi hupewa dakika tatu za kusema. Nilisimama nikasema jina langu ni Lumir Hradek. Nikasema Jumapili ya tarehe 12 Machi nilikaza skrubu ya boksi la usukani kupita kiasi, ni kosa langu, karani aandike. Nilimwona Wehling akilegeza mabega, kama mtu aliyeletewa zawadi. Ndipo nikasema mimi nimeshasema la kwangu, gari liko nje limenyooka, na yeye ana ahadi.

Akaanza habari za wanasheria na bima. Mmoja wa wale wawili wa kwenye foleni, mama wa duka la mbegu, akamwuliza kutoka kiti cha nyuma kama anaogopa gari au anaogopa barabara. Watu wakacheka. Wehling akachukua kofia yake.

Aliendesha yeye, mimi kando. Kabla ya kanisa akakiri kwamba linakwenda vizuri kuliko la kwake. Nikamshukuru. Tulipofika nikamwambia asogee kulia, kwenye sanduku la barua, kama anapeleka barua. Aprili walikuwa wamemwaga kokoto pale, mvua ya Mei ikazizoa zote.

Tairi likashuka. Akavuta kushoto, ukingo ukalishika tairi ubavuni, halikupanda. Akavuta zaidi, halikupanda. Mtaro ulikuwa upande wangu, niliona nyasi zake. Akavuta kwa nguvu zake zote, likaruka juu na kuvuka mpaka upande wa pili wa barabara, na akalisimamisha pale likiwa mshazari. Alikuwa bado ameushika usukani.

"Hiyo ni mikono mingapi?" nikamwuliza.

Aliitazama mikono yake.

"Miwili. Na boksi ni zima. Yeye alikuwa na mmoja, na boksi nilikuwa nimelikaba mimi. Langu nimelihesabu, Curtis. Hebu nihesabie hilo lililobaki."

Akafuta uso kwa kofia. Akasema, na nadhani alikuwa anasema kweli, "Lumir, mimi kabla ya ajali huu ukingo sikuujua. Hakuna aliyeniletea habari."

Nikamweleza habari za kadi tatu, na miezi yake, na sanduku namba hamsini na moja. Nikamwambia katika miaka ishirini na sita Georgine hakuwahi kukosea sanduku. Alinitazama, kisha akatazama kule kwenye karakana yake, ingawa kutoka pale haionekani. Akasema atafuatilia.

Julai waliujaza ukingo na kuushindilia vizuri. Ule mstari wa karatasi wakaubadilisha: gari lisilotunzwa, pamoja na hali ya barabara. Kadi hazikutajwa. Watu wakaniambia nimeshinda, nipumzike sasa.

Mimi kila Jumatatu naendesha pikapu mpaka mjini, inakwenda imenyooka, mkono mmoja unatosha. Nasimama kwenye zile dakika zangu tatu. Zinazobaki nawaachia, maana swali langu ni fupi, na karani ameshalizoea hata anaanza kuliandika kabla sijafungua mdomo. Kadi zilifika. Nani alizisoma?