Ziara ya Ndovu kwa kina Wakesho

Mizinga minne ya upande wa magharibi ilishushwa kwenye waya jioni ya Jumatano, nyuki wote wakisharudi ndani. Syombua aliziba mlango wa kila mzinga kwa kitambaa kilicholowa maji, akamkabidhi Mbuvi, mnunuzi wa mizinga, naye Mbuvi akaifunga nyuma ya pikipiki, miwili kila safari. Alimlipa shilingi elfu tatu mkononi. Hakumdhulumu. Hiyo ndiyo bei ya mizinga minne yenye nyuki mwezi wa Januari, wakati kila mtu chini ya mlima wa Sagalla anajua kwamba unauza kwa sababu ya shule.

Mizinga ilikuwa kumi na sita, na haikuwekwa pale kwa ajili ya asali peke yake. Ndiyo iliyokuwa ua. Waya mmoja ulizunguka shamba lote, mzinga huu ukaunganishwa na ule, na ndovu akitia kifua kwenye waya mizinga yote inatikisika, nyuki wanatoka kuuliza kuna nini. Ndovu hapendi kuulizwa hivyo. Syombua alijifunza nyuki kwa baba yake huko Ukambani, na alipoolewa na Zephaniah, Mtaita wa hapo hapo, alikuja na mizinga miwili badala ya sufuria. Mama mkwe alinuna mwaka mzima, mpaka msimu majirani walipoliwa mahindi yote na ya kwao yakabaki yamesimama. Mjukuu alipozaliwa akapewa jina la huyo mama mkwe, Wakesho, na maneno yakaisha.

Sasa Wakesho alikuwa Gredi ya Nane, na ndiye aliyeleta barua. Shule ilikuwa imeandaa kambi ya mafunzo ya mazingira: siku tatu, kulala mara mbili, ndani ya mbuga, ili wanafunzi wawaone ndovu katika makazi yao ya asili. Gharama ilikuwa elfu nane na mia tano. Elfu tatu za kianzio zilitakiwa kufikia Ijumaa, na hizo hazirudishwi. Kila mwanafunzi angeandika ripoti, na ripoti ingeingia kwenye alama za mradi. Syombua aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni mwa choo chao, mahali ambapo mtu akiinua macho anauona ua wa mbuga.

Akapiga hesabu. Mizinga minne ingetoa elfu tatu. Ndengu zilikuwa zimeshaanza kukauka maganda, na baada ya wiki tatu zingetoa magunia mawili, na magunia mawili yangemaliza deni na kubakisha ya viatu. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Kosa lake ni kwamba aliipiga akiitazama barua, hakuipiga akiutazama ua wa mizinga.

Siku ya tisa, alfajiri, ndovu watatu walipita kwenye pengo la mizinga minne wakala ndengu mstari kwa mstari, bila haraka, mpaka jua likatoka. Zephaniah alikwenda kujaza fomu ya fidia. Ilikuwa ya tatu katika miaka mitano, na zile mbili za kwanza bado zilikuwa zinashughulikiwa. Syombua yeye alikwenda shuleni kuuliza kama elfu tatu zinaweza kurudi. Mwalimu Pauline, mwalimu wa darasa, alimwonea huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya, lakini pesa ile ilikuwa imeshalipia mafuta ya basi.

Aliporudi na kumweleza Wakesho kwamba hataweza kwenda, mtoto hakulia. Alisema tu kwamba yeye ndovu ameshawaona. Hilo lilimuuma Syombua kuliko kilio, na siku nzima hakuweza kumtazama mwanawe usoni. Mizinga aliiuza yeye.

Basi liliondoka Alhamisi saa moja asubuhi likipiga honi barabarani, wanafunzi arobaini na mmoja wakiimba. Wakesho alikuwa ameomba abaki nyumbani badala ya kukalishwa nyuma ya darasa la Gredi ya Saba. Saa moja unusu ndovu waliingia kwa lile pengo.

Walikuwa kumi na mmoja, na walikuja kwa mstari. Mbele alitangulia jike mzee mwenye sikio lililochanika, nyuma wakafunga majike wawili wa makamo, na katikati walikuwa wadogo wanane wa rika moja. Kila mdogo alibeba tawi la mgunga mkongani. Walifika uani, wakayaweka matawi chini kwa lundo moja, wakasimama wawili wawili. Jike mzee akawagusa migongo mmoja mmoja kuwahesabu. Ikabidi arudie, kwa sababu mmoja alikuwa amebaki kwenye banda la kuku.

Syombua aliacha kuosha vyombo, akabeba mitungi ya maji na kuiingiza ndani. Kwa upande wake tahadhari iliishia hapo.

"Mama, hawa wako ziara," Wakesho alisema.

Syombua aliwatazama tena, akaona ni kweli.

Walianza na jikoni. Walisimama nusu duara nje ya mlango wakamtazama Syombua akikata sukuma wiki, na alipoweka sufuria motoni wakasogea hatua moja, wote kwa pamoja. Baadaye jike mzee akawageuza wakaenda kwenye kamba ya nguo, halafu kwenye gurudumu bovu la zamani la baiskeli ya Zephaniah, halafu chooni. Chooni walikaa muda mrefu kuliko kote. Mmoja alinyoosha mkonga juu na kuuacha hapo hapo mpaka jike mzee alipomjia, wakasimama wawili wakiutazama mlango ukifunguka na kufungika na upepo.

Wakesho aliingia ndani akatoka na daftari. Mwanzoni aliandika tu. Ilipofika saa nne alikuwa ametangulia mbele, akiwaonyesha jembe ni hili na linashikwa hivi, hapa ndipo maji ya mvua yanapokingwa, hili ni kaburi la bibi yangu, msilikanyage. Hawakulikanyaga. Aliongea nao polepole kwa Kiswahili cha shuleni, jinsi Mwalimu Pauline anavyoongea mgeni wa wizara akija.

Mwisho aliwapeleka shambani. Jike mzee aliwasimamisha wadogo ukingoni mwa shamba la ndengu, mahali palipobaki vumbi na mashina, na hakuna aliyetia mguu ndani. Walitazama. Majike wawili wa nyuma walitazama upande wa mlima. Syombua alimtambua mmoja kwa pembe iliyovunjika ncha: ndiye aliyekula mistari ya karibu na choo. Alitaka kumwambia kitu, akaona haya mbele ya watoto.

Mchana walirudi kwenye lundo lao kula. Walikula walichobeba, na hawakugusa hata jani la mpapai. Wa nane alikuwa anachechemea mguu wa nyuma, na tawi alilokuja nalo lilikuwa kijiti tu, kwa sababu hakuweza kubeba zaidi. Alikimaliza, akasimama pembeni. Jike mzee akapita kwa wale saba, akavunja kipande kidogo cha tawi la kila mmoja, akaviweka mbele ya yule anayechechemea. Hakuna aliyeitisha mkutano, hakuna aliyemwandikia mama yake barua. Saba wakaendelea kutafuna na wa nane akatafuna.

Syombua alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Alisimama pale mpaka sima ikashika chini ya sufuria. Aliona wivu, wivu wa waziwazi, na aliyemwonea ni mama wa yule ndama, popote alipokuwa.

Zephaniah alirudi jioni kutoka mjengoni Voi, anakofanya kibarua. Alishuka kwenye baiskeli, akaisukuma akiwazunguka, akaiegemeza ukutani. Aliuliza wako hapa kwa muda gani.

"Siku tatu, Baba. Kulala mara mbili."

"Wamelipa kianzio?"

Wakesho akamletea maji. Akanawa mikono, akaketi kula.

Ijumaa ndovu walijifunza kufua. Siku hiyo hiyo, kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, picha za kambini zilianza kuingia: watoto wakitazama dimbwi tupu, watoto wakitazama kanga, watoto wakitazama basi la shule nyingine iliyotoka Nairobi nalo likitazama dimbwi lile lile. Mwalimu Pauline aliandika kwamba wanaendelea vyema ila ndovu hawajaonekana, na kwamba mwongozaji wa mbuga anasema jambo hili halijawahi kutokea. Zephaniah alipiga picha ndovu saba waliojipanga nyuma ya sare ya Wakesho iliyoanikwa. Akaituma na maneno mawili: "Wako huku."

Basi likaja Jumamosi saa tatu. Wanafunzi arobaini na mmoja walishuka wakajipanga nje ya waya, na ndovu wadogo wanane wakajipanga ndani, na kwa nusu saa ziara mbili zikatazamana. Wakesho alisimama katikati na daftari lake. Alieleza wa nje habari za wa ndani, kisha akageuka akaeleza wa ndani habari za wa nje. Mwalimu Pauline mwenyewe aliuliza maswali matatu na kuandika majibu. Mwishoni aliomba Wakesho ashukuriwe kwa makofi, naye akapigiwa makofi mengi, na Syombua, aliyekuwa amejifanya anachambua mchele, alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya mizinga.

Saa nne jike mzee aliwahesabu wake, na Mwalimu Pauline akawahesabu wake. Ndovu waliokota vijiti vyao vyote mpaka ua ukabaki safi, wakapita penye pengo mmoja mmoja kwa mwendo wa yule anayechechemea. Basi likaondoka upande wa pili.

Ripoti zilisahihishwa baada ya wiki mbili. Ripoti arobaini na moja zilieleza ndovu katika makazi yao ya asili, na karibu zote zilikuwa na mchoro wa choo cha Syombua. Waandishi wake wengi waliandikiwa kwamba wamezidisha matarajio, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa. Ripoti ya Wakesho ilikuwa na kurasa kumi na nne, na ndiyo pekee iliyomtaja ndovu mwenye pembe iliyovunjika ncha. Ilipata sifuri. Mbele ya jina lake paliandikwa "Hakushiriki ziara."

Mwalimu Pauline alikuja mwenyewe nyumbani kueleza, jambo ambalo si kila mwalimu angelifanya. Alipewa kiti, akapewa chai, akakaa nayo bila kunywa.

"Mama Wakesho, mimi nimeisoma yote. Kwa darasa lile hakuna inayoifikia. Lakini kompyuta inataka namba ya risiti ya malipo kamili. Bila hiyo alama hazikubali kuingia."

Syombua aliuliza kama namba ya risiti ya elfu tatu haiwezi kuandikwa. Mwalimu alisema wameijaribu. Aliuliza kama mwalimu mwenyewe hakumwona Wakesho pale penye waya, Jumamosi, saa tatu. Mwalimu akasema alimwona. Chai ikapoa na kuganda utando.

Mwaka ukaisha. Syombua alipanda ndengu tena mvua za vuli ziliposhuka, na pengo la mizinga minne akalijaza kwa miwili mipya aliyochonga mwenyewe na miwili ya kuazima. Januari Wakesho akaingia Gredi ya Tisa, na Jumanne ya wiki ya kwanza akaleta barua.

Barua ilisema kwamba kutokana na mafanikio makubwa ya mwaka uliopita, kambi ya mafunzo haitafanyika tena mbugani. Itafanyika nyumbani kwa Bwana Zephaniah na Bi Syombua, chini ya Sagalla, siku tatu, kulala mara mbili, kwenye mahema. Gharama ni elfu tisa na mia tano, kwa kuwa mahema yamepanda bei. Elfu tatu na mia tano zinatakiwa kufikia Ijumaa, na hazirudishwi.

Zephaniah aliisoma mara mbili, akampigia Mwalimu Pauline. Aliuliza kama mwenye boma atalipwa chochote. Mwalimu alisema shule inawashukuru sana kwa ukarimu wao. Aliuliza kama Wakesho naye analipa. Mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeuliza swali hilo kwa wakubwa wake kabla ya kuulizwa, kwamba kila mwanafunzi analipa, na kwamba haitawezekana Wakesho alale kitandani mwake, maana kambi ni lazima mtoto alale nje ya nyumbani. Hema lake litasimamishwa karibu na kaburi la bibi.

"Haya, Mwalimu," Zephaniah akasema, akakata simu.

Syombua alikwenda kuzitazama ndengu. Maganda yalikuwa yameanza kukauka, zilikuwa zimebakiza kama wiki tatu. Mara hii aliutazama ua pia, mzinga kwa mzinga, akauzunguka wote mpaka akarudi alikoanzia. Kisha akampigia Mbuvi.

Jioni ya Alhamisi, nyuki wakisharudi ndani, pikipiki ilisimama upande wa mashariki, upande ulio karibu na nyumba, ambako ndovu hawezi kupita bila kusikika. Wakesho alishika ndoo ya maji na vitambaa. Mzinga wa kwanza uliposhuka aliuliza ndovu watapitia wapi mwaka huu.

"Hapa," Syombua alisema. "Wakija wa ziara watapitia hapa. Na wakija wale wa kula, watapitia hapa."

Akakamua kitambaa cha pili, akauziba mlango wa mzinga, akamkabidhi Mbuvi.