Salamu za Amplifaya ya Sosaia

Kicheko kilinifikia kabla sijafika mlangoni, chembamba, cha msichana anayetekenywa. Kisha sauti ya shangazi: "Na wewe pia, mume wangu. Umeamkaje?"

Nikasimama na kikapu changu cha viazi vikuu. Sosaia, mumewe, tulikwisha kumzika kabla ya mavuno.

Ndani, shangazi Losaline alikuwa peke yake, mkeka wa msiba umezungushwa kiunoni kwa desturi ya wajane wetu, miguu mitupu, sakafu imelowa maji ya sabuni. Ilikuwa Jumamosi. Kisiwa chetu kizima cha Vava'u kilikuwa kikisugua nyumba, maana Jumapili hakuna anayeshika hata ufagio. Kiganja chake kilikuwa juu ya amplifaya ya chuma ambayo marehemu alikuwa akisikilizia nyimbo za kwaya.

"Feleti, njoo umsalimu," akasema. "Ukimgusa anakutekenya. Ameanza tangu wiki ya maziko."

Spika za kanisa natengeneza mimi. Najua ni nini kinachotekenya kwenye chuma.

"Shangazi, toa mkono."

Akanitazama. "Unaniamuru?"

Mimi ni mtu wa maneno makali. Nimewahi kubishana na mchungaji mbele ya waumini, nikamshinda. Lakini kwetu dada wa baba yuko juu ya baba mwenyewe. Akikuambia keti, unaketi. Nikaketi hata kabla ya kuambiwa, palepale majini.

"Nakuomba basi. Huo ni umeme unaovuja. Leo unakutekenya. Siku nyingine, na miguu hiyo iliyolowa, utakuua."

"Sosaia aniue mimi? Mtu aliyekuwa akinitolea miiba ya samaki?" Lakini mkono akautoa.

"Niruhusu niitazame plagi."

"Tazama kwa macho."

Nikasimama, nikafuta mikono, nikaichomoa. Ilikuwa na pini mbili. Ya tatu ilikatwa, pakabaki kisiki.

"Nani amekata hii?"

"Yeye, kwa msumeno. Amplifaya ilikuwa ikivuma kila ilipounganishwa na televisheni, hata kwaya siisikii. Alipokata, ikanyamaza. Nilimsifu wiki nzima."

"Na televisheni iko wapi?"

"Nilimpa binti yangu, baada ya maziko."

Hapo nikaelewa. Pini ile ndiyo ya ethi, inayoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Ilipokatwa, umeme ukawa unashukia kwenye waya wa televisheni. Televisheni ilipoondoka, njia iliyobaki ni shangazi yangu. Nikamweleza yote hayo.

"Maneno mengi," akasema. "Tangu utoto wako, maneno mengi."

Nikairudisha plagi ukutani, nikahamia kwenye mkeka mkavu, nikatoa mfukoni testa, bisibisi ya kupimia umeme, nikaigusisha kwenye chuma. Kitaa chake kikawaka.

"Unaona? Anang'aa," akasema, amefurahi kabisa.

"Sasa kausha mikono, shangazi, usimame hapa mkekani, uzime swichi ya ukutani."

Akazima. Kitaa kikafa.

"Mguse sasa."

Akaweka kiganja. Akakisogeza taratibu, kama anayepima homa ya mtoto.

"Hayupo."

"Mzee Sosaia hakuwa mtu wa kuzimwa kwa swichi."

"Alikuwa akizimwa na kava aliyokunywa usiku," akasema. "Ila asubuhi alijiwasha mwenyewe." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia mdomoni.

"Alikata pini ili uisikie kwaya yako," nikamwambia. "Angejua kukata huko kutaleta nini, angekuwa hapa na bisibisi kabla yangu."

Akachukua tambara, akafuta povu lote la sabuni sakafuni. Mwishowe akanisukumia amplifaya.

"Tengeneza. Na usikawie, kesho huruhusiwi."

Nilifunga plagi mpya ya pini tatu, nikaukaza waya wa kijani, ule wa ethi, mpaka hautikisiki, nikahakikisha soketi nayo ina ethi. Nilipowasha, testa ilibaki giza. Nikaweka santuri kwenye gramafoni ya marehemu. Amplifaya haikuvuma hata kidogo, maana televisheni haikuwapo tena. Kwaya ikajaa chumbani, na shangazi akaimba sauti ya pili huku akikamua tambara.

Wimbo ulipokwisha, mkono wake ukarudi wenyewe juu ya chuma.

"Kimya," akasema. "Umeniponya, Feleti, na umeninyang'anya. Sasa asubuhi nani atanisalimu?"

"Mimi, shangazi. Kila asubuhi nikienda shambani nitapita hapa kwanza, nikusalimu kabla hujawasha kitu chochote. Mvua ikinyesha, nitakuja nimelowa. Na Jumapili nitakuja nimeoga."