Chaguo la Kwanza Kwenye Meza ya Bernie

Saa nne na robo asubuhi, Jumanne ya pili ya Agosti, Colter Rasband aliingia katikati ya duara letu la wachezaji, akafungua kinywa, na honi ikalia kabla hajamaliza sentensi. Honi hiyo maana yake muda wa kuanzisha mchezo umekwisha na mpira bado uko chini. Haikuwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Rudia," akasema kocha Quillen.

"Mapacha kulia, Zebra asogee kushoto, ukuta sitini na... sitini na..." Rasband akageuza shingo, akatazama ukingo wa uwanja.

"Unatafuta nini huku?" Quillen akauliza. "Mimi si televisheni."

Mchezo wetu ni mpira wa Kimarekani. Rasband alikuwa mrushaji mpira, na mwezi Aprili, timu zilipogawana wachezaji wapya kutoka vyuoni, alichaguliwa wa kwanza nchi nzima. Timu mbovu kuliko zote ndiyo huchagua kwanza, na msimu uliopita timu hiyo ilikuwa yetu, Toledo. Kabla ya kumchagua, wakubwa wetu walimpima urefu, mbio, hata upana wa kiganja. Walimrushisha mipira mbele ya kamera asubuhi nzima. Kanda hiyo niliitazama. Kazi yangu ni kuinama katikati ya mstari na kumpitishia mrushaji mpira kati ya miguu yangu, na katika misimu tisa nilikuwa sijauona mkono kama ule. Nilikuwa nimewahudumia warushaji watano. Watatu kati yao walikuja wakisifiwa na magazeti kama Rasband, na wote watatu waliondoka Toledo kimyakimya. Hakuna aliyeangushwa na mkono.

Baada ya mazoezi Quillen alimwita mbele yetu sote.

"Jumamosi ya wiki ijayo ni mechi ya mwisho ya majaribio. Utacheza mwanzo hadi mwisho. Nikiona adhabu moja ya kuchelewesha mpira, moja tu, msimu ataanza Rusk, na wewe utakaa benchi mpaka theluji."

Perry Rusk, mrushaji wetu wa akiba, alikuwa na miaka thelathini na saba na goti lililotabiri mvua kuliko redio. "Dogo, nakuomba ufaulu," akasema. "Mke wangu nimeshamwambia mwaka huu nitakuwa natazama tu."

"Nitajitahidi, mzee."

"Mzee ni baba yako."

Lavelle Tuttle, mlinzi anayesimama kushoto kwangu, mtu wa Mississippi mwenye mikono kama magunia, akamzungushia Rasband mkono shingoni. "Usihuzunike, dogo. Keshokutwa ni Alhamisi, unatulisha. Hiyo ndiyo kazi yako ya kweli."

Hiyo ni desturi. Sisi walinzi wa mbele tunamzuilia mrushaji mgeni watu wanaotaka kumvunja mbavu, naye hutulisha kila Alhamisi. Tunakwenda kwa Bernie Nagy, mama mwenye mgahawa wa Kihangari ng'ambo ya mto. Juu ya kaunta pana ubao mkubwa wenye picha za vyakula vyote, umepauka kwa moshi wa miaka mingi. Desturi inataka mgeni aagize kwa niaba ya meza nzima.

Alhamisi ile kila mtu alimtajia Rasband anachotaka. Bernie akaja, akasimama na mikono kiunoni. Rasband akainua macho kwenye ubao.

"Ile," akasema, akionyesha kwa kidole. "Na ile nyekundu. Mbili. Na... ile iliyo chini ya kabichi."

"Mwanangu, mimi niko hapa," Bernie akasema. "Ubao hauna masikio."

Meza ikacheka. Rasband akamtazama Bernie, akaanza tena, akafika kwa mtu wa tatu, na macho yakapanda ubaoni yenyewe. Nilikuwa nimeona shingo ile ikigeuka hivyo hivyo Jumanne. Nikamuuliza chuoni alikuwa akiutajaje mpango wa mchezo.

"Sikuwa nautaja, kaka."

"Nani alikuwa anautaja?"

"Hakuna. Makocha walikuwa wanainua mabango ya picha pembeni. Kobe, pizza, kofia ya mchunga ng'ombe. Wote kumi na mmoja tunatazama, kila mtu anajua lake. Mimi nasubiri mpira, narusha."

"Kobe ni nini?" Tuttle akauliza.

"Rusha mbali kabisa."

"Kobe?"

"Ili wapinzani wasishtuke."

Tuttle alicheka hadi akahitaji maji.

Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimepata jibu. Kwetu kocha humsomea mrushaji mpango mara moja, kwa redio iliyo ndani ya helmeti, na zikibaki sekunde kumi na tano redio hukatwa. Hiyo ni sheria. Kisha mrushaji lazima awaambie wenzake kumi sentensi ndefu isiyo na kiungo, na kila mmoja anasikiliza kipande chake tu. Mwezi Aprili kijana huyu alipimwa hadi vidole. Hakuna aliyemwomba aseme sentensi.

"Bernie," nikasema, "una kitambaa cha meza kikubwa?"

"Cha nini?"

"Cha kuuziba huo ubao."

"Umeutengeneza wewe?"

"Nitakirudisha kikiwa safi."

Akakileta, cheupe chenye miraba myekundu, Tuttle akapanda juu ya kiti, kiti kikalia kwa uchungu, na ubao ukafunikwa. Kisha nikaweka masharti. Rasband ataagiza kwa mkupuo mmoja, bila karatasi, bila kuuliza mara ya pili. Bernie ataleta alichosikia, nasi tutakula kilicholetwa.

Jioni ile Tuttle, asiyeweza hata kunusa maini, aliletewa maini. Mimi nililetewa supu ya cheri, ya baridi. Mwenzetu mmoja aliletewa matango ya siki peke yake, sahani nzima.

"Dogo," Tuttle akasema akiyatazama maini, "mimi ndiye ninayezuia usife. Unalijua hilo?"

"Nalijua, kaka. Samahani."

"Basi nikifa mimi kwanza itakuwaje?"

Tulirudi Ijumaa, na Jumamosi, na kila jioni ya wiki iliyofuata. Siku ya pili haikuwa bora kuliko ya kwanza. Rasband alikuwa anavikariri vyakula kama orodha, na orodha ikikatika mahali pamoja inakatika yote. Siku ya tatu nikamwambia aache kukumbuka vyakula, akumbuke watu. Aanzie kushoto aende kulia, amtazame mtu usoni, na chakula kitoke na uso.

"Na uwanjani?"

"Uwanjani ni nyuso zile zile. Kila mmoja anadai kipande chake."

Jumanne Tuttle alipata kuku wake wa pilipili tamu. Alisimama akambusu Rasband kichwani mbele ya wateja. Jumatano lilikosewa agizo moja, langu, na Alhamisi hapakukosewa kitu. Rasband alimaliza mkupuo, akavuta pumzi na kuongeza, "Na viazi pembeni, asante, mama."

"Viazi hakuna aliyeomba," Bernie akasema.

"Ni vyangu."

Kwenye mazoezi ya Ijumaa honi haikulia. Lakini mazoezini hakuna kelele za watu.

Mechi ilianza Jumamosi saa saba mchana, uwanja wa wenyeji, nasi wageni. Robo tatu za kwanza Rasband hakupata adhabu. Alirusha vizuri, mara mbili vibaya, na duara letu lilivunjika kwa wakati kila mara. Robo ya mwisho, dakika tatu zikiwa zimebaki, tulikuwa nyuma kwa pointi tano na tumekwisha kutumia mapumziko yetu yote ya kusimamisha saa. Rasband akaingia kwenye duara huku akigonga helmeti kwa kiganja.

"Redio imekufa," akasema. "Sisikii kitu."

"Hata kidogo?"

"Kabisa."

Saa ya kuanzisha mchezo ilikuwa inashuka. Watu elfu sitini walikuwa wanapiga kelele ili tusisikilizane. Niliiona shingo yake ikianza kugeuka kuelekea pembeni, ambako Quillen alikuwa anapunga mikono yote miwili kwa namna isiyoeleweka. Ikafika nusu. Kisha ikarudi, akamtazama Tuttle, akanitazama mimi, akaendelea kulia, uso hadi uso.

"Mapacha kulia, Zebra asogee kushoto, ukuta sitini na mbili, mkuki kwenye kona, nyuma achelewe, kwa mbili. Na viazi pembeni."

"Asante, mama," Tuttle akajibu.

Tulikimbia kwenye mstari tukicheka. Nilipoinama, zilikuwa zimebaki sekunde tatu. Nilimpa mpira ikiwa imebaki moja. Mpokeaji wa mkuki kwenye kona alikuwa peke yake, na mpira ukamfikia kifuani, yadi ishirini na mbili.

Mechi tulishindwa hata hivyo. Mpokeaji wetu aliuangusha mpira wa mwisho ndani ya eneo la bao, mpira mzuri kabisa. Mechi za majaribio hazihesabiwi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Quillen alisimama mbele ya Rasband, ambaye alikuwa ameketi akiwa bado na helmeti.

"Mpango ule nani alikupa?"

"Hakuna, kocha. Nilichagua mwenyewe."

"Mimi nilikuwa nataka tukimbie na mpira katikati."

"Sikujua."

"Najua hukujua." Quillen akatazama karatasi ya waamuzi. "Adhabu za kuchelewesha, sifuri." Akaikunja. "Hivyo viazi ni vya nini? Vimenaswa na kipaza sauti cha televisheni. Mke wangu ameniuliza."

Tuttle akaficha kicheko kwa taulo.

Jumatatu asubuhi, kundi la kwanza, la watakaoanza msimu, lilipoitwa, Perry Rusk alibaki pembeni na kikombe cha kahawa. Quillen alipiga filimbi, Rasband akaingia kwenye duara na kuanzia kushoto.