Wodi ya Wazazi ya Namba

Usiku wa kuamkia leo niliota niko wodi ya wazazi ya namba. Nimeleta programu yangu ya joto la wagonjwa, niliyohangaika nayo wiki nzima. Hupewa kipimo cha Farenhaiti, izae namba ya Selsiasi.

Mlango ukafunguka. Namba yangu ikatoka imevaa kofia ya sufi. Ilikuwa tisini na nane nukta sita, vilevile ilivyoingia.

Shangazi yangu Mwanahija, kitanda cha pili, akaisoma, akaiamini kuwa ni Selsiasi, akaanza kuchemka. Mvuke ukamtoka masikioni.

"Mwanangu, mimi sina haraka," akasema, "ila shuka hili ni la watu."

Nikaipakata namba, nikaisihi ijitoe thelathini na mbili, kisha ijigawe kwa moja nukta nane.

"Nimeshazaliwa," ikanijibu. "Unaweza kunipa jina, hata kunibandika lebo. Thamani yangu haibadiliki."

Mkunga, Bi Sikudhani, akanieleza kwamba hapa hupokewa waliokwisha kamilika. Anayetaka kugusa thamani huingia mlango wa nyuma, kabla namba haijazaliwa. Akaniuliza jina.

"Tatu."

"Tatu kamili?"

Nikamwambia kamili. Akanipisha.

Nakimbia. Korido inageuka kiwanda cha mikate, kisha inakuwa wodi tena. Mezani kuna kipimo kilekile, safari hii laini kama unga uliokandwa, hakijapata sura. Moyo unanidunda kwa furaha. Natoa thelathini na mbili. Nagawa. Namkabidhi Bibi Desimali, mama wa namba zote zenye nukta, naye anakipulizia uhai.

Inalia. Thelathini na saba!

Nikatimua mbio kumwonyesha Shangazi. Bi Sikudhani akanishika mkono mlangoni.

"Mtoto umemwacha ndani. Ukitoka mikono mitupu, huko nje watapokea Hakuna, na Hakuna hana joto."

Nikarudi, nikambeba. Shangazi akamsoma, mvuke ukakatika. Akauliza kama wodi hii wanatoa uji.

Nikaamka. Hata uso sijanawa, nikafungua kompyuta, nikahamishia hesabu pale namba inapoumbwa, nikaandika na amri ya kuirudisha nje ikishaumbwa. Thelathini na saba. Nikapiga makofi peke yangu chumbani.

Vumbi jeupe likaruka. Viganja vyangu vilikuwa vimejaa poda ya watoto wachanga, mpaka kwenye kucha. Nyumba hii naishi peke yangu.